Upana wa Kichochoro

Saa nane za usiku, maabara ya Tononoka.
Feni inazunguka kwa kukohoa,
nami nimeinamia hadubini kama mtu anayechungulia
tundu la kufuli la nyumba isiyo yake.

Ndani, seli nyeupe, askari wa damu.
Vitabu tulivyosomea vilichora utando wake kama ukuta:
mstari mmoja mweusi, umenyooka, basi.
Ukuta gani? Huu ni mchuzi.
Ni sufuria ya mamangu siku ya arusi ya Mwanajumbe,
samli ikielea visiwa visiwa,
vikigusana, vikiungana, vikiachana,
na kila kitunguu cha kukaanga kimejichagulia kisiwa chake.

Ndivyo vinavyokaa vipokezi.
Havikumwagwa kama punje za mchele sakafuni;
vimekaa kimtaa,
penye mafuta mazito, penye kolesteroli,
na chini yao boriti za protini, nyembamba kuliko wazo,
zinagawa ua huu na ua ule:
cheza hapa, usivuke.

Kipokezi kimoja kikiguswa, hunong'ona.
Kumi vilivyokaribiana vikiguswa, ni ukelele.
Na kila mnong'ono una mlinzi wake,
protini ndefu, pana, yenye mabega,
kazi yake kupita ikifuta.
Alama ya chaki ikiandikwa, inafuta.
Ikiandikwa tena, inafuta.
Tulieni. Hapana kitu. Laleni.

Lakini seli inapomkumbatia mgeni,
tando mbili zikabanana,
yule mwenye mabega hapiti.
Hakuna aliyemfukuza. Hatoshi tu.
Chaki inabaki. Ukelele unapanda.

Hapo niliinua kichwa,
nikazima taa ya hadubini.

Maana kichochoro hicho nakijua.
Kiko Kibokoni, nyuma ya kwa kina Sheumu,
mikono yangu miwili haikunjuki yote,
na madirisha yanatazamana hata unamkopesha jirani chumvi
bila kuvaa viatu.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kabla ya adhana ya alfajiri mtu alisema, "Mwizi?"
Alisema hivyo, kwa kuuliza.
Dirisha likapokea, dirisha likapokeza.
Lilipofika la tatu, swali lilikuwa limekwisha kuanguka njiani.

Kumbe ni Famau, mwana wa Bi Mgeni,
atoka tanurini kuoka mikate ya mofa,
unga ungali nyusini.

Konstebo Nyamawi alikuja mbio.
Huyu ndiye aliyekuwa akituliza arusi zilizoharibika,
mtu wa kitambi na sauti ya taratibu.
Alikwama mdomoni mwa kichochoro,
mabega yakikwaruza chokaa,
"Tulieni! Jamani, tulieni!"
Sisi tulikuwa tumebanana mno kumsikia.

Nami nilipiga kelele. Hili sijamwambia mtu.
Sikumwona Famau hata kidogo.
Nilimsikia wa kulia, nikamsikia wa kushoto,
nikawa wa katikati.

Famau aliishi. Jicho lake moja liliishi naye.
Hadi leo huniuzia mkate,
huniita daktari, nami simkosoi.

Nimewasha taa tena.
Seli hizi ni za mama mmoja wa Kisauni,
vifundo vya vidole vimemvimba kama tangawizi,
kinga yake imempigia kelele mwenyewe nyumba.
Daktari ataka idadi ya vipokezi.
Idadi nitampa, kwa wino, kabla ya saa mbili.

Ila fomu ingekuwa na nafasi chini,
japo ya mstari mmoja,
ningemwandikia: uliza na wamekaaje,
nani kalala ubavuni mwa nani,
na yule mwenye kufuta chaki,
usiku ule,
mlango wake ulikuwa na upana gani.